Wageni wanataka kutembezwa usiku kwenye mizimu. Niwaonyeshe nini Mji Mkongwe?

SWALI: Shikamoo Ami. Mimi ni kijana wa Malindi, Unguja. Mwaka huu nimepata leseni ya kutembeza wageni, na mchana nazunguka nao Mji Mkongwe. Wengi wananiuliza kama tuna matembezi ya usiku ya mizimu kama ya miji yao Ulaya. Rafiki yangu ananisukuma tuanze: tumvishe mtu shuka jeupe atokeze ghafla Kiponda, na sisi tusimulie majini na Popobawa, lile zimwi la usiku. Mama yangu hataki hata kulisikia jambo hili. Je, kazi hii inafaa? Nipite wapi, nisimulie nini? Na wewe, kwa miaka yote uliyotembea usiku, umewahi kuona kitu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kazi inafaa, na pesa imo. Lakini shuka jeupe mrudishie mwenyewe akalitandike kitandani, na mama yako msikilize kwanza kabla hujanisikiliza mimi. Ameona kitu ambacho wewe na rafiki yako hamjakiona.

Niliwahi kwenda York, kaskazini mwa Uingereza, nikalipa kama mgeni yeyote, nikafuatana na kundi usiku nyuma ya bwana mmoja mwenye kofia ndefu nyeusi. Watu wa York hujisifu kwamba wao ndio walioanza matembezi ya mizimu, mwaka 1973, kabla ya mji wowote duniani. Hadithi yao kubwa ni ya Harry Martindale. Mwaka 1953 alikuwa kijana anayejifunza ufundi bomba, akapelekwa kufanya kazi chini ya nyumba iitwayo Treasurer's House. Akiwa juu ya ngazi yake akasikia tarumbeta, kisha askari wa Kirumi wakatokeza ukutani mmoja mmoja, wachovu, wachafu, na wote wamekatika magotini. Miguu yao ilionekana tu pale sakafu ilipokuwa imechimbwa hadi kwenye barabara ya kale ya Warumi, iliyo chini ya sakafu ya leo. Kijana akakimbia, akanyamaza miaka mingi, baadaye akawa polisi.

Sikiliza hadithi ile ilivyosimama. Shahidi ni mmoja na ana jina. Mwaka upo. Hakuna damu wala kilio, na hayo magoti tu yanatosha kukuamsha usiku. Aliyetusimulia alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekueleza basi linapita wapi.

Sasa tazama tofauti yetu na wao, ambayo ndiyo mama yako ameiona. Mzuka wa York ni mtu aliyekufa. Ana kaburi na mwaka wa kufa, na hana la kumdai mtu. Kwetu maiti akishazikwa yuko barzakhi, harudi kukaa kwenye ngazi za nyumba ya watu. Anayekaa kwenye ngazi ni jini, na jini hakufa. Yuko hai kama wewe, ana ukoo, ana dini, ana anachokipenda na anachokichukia. Katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe yumo mtu ambaye amefukiziwa ubani kwa ajili yake, au bibi aliyekuwa kiti chake, yaani hupandwa naye. Ukisimamisha Wazungu kumi mbele ya mlango ukasema "hapa pana jini", hukuwaonyesha historia. Umemgeuza jirani kuwa sarakasi, na familia nzima umeitolea siri yake kibarazani. Hata asiyeamini majini anajua kwamba hiyo si adabu.

Nalisema hili kwa sababu nimelitenda. Zamani, nikiwa na umri kama wako na ulimi mwepesi, nilibuni bibi mwenye kanga nyeupe anayeketi usiku kwenye baraza ya nyumba moja, sitaitaja. Nyumba ilikuwa na mlango mzuri wa kuchongwa, wageni walipenda kuupiga picha, na mimi nikaona mlango peke yake hautoshi. Nikawa napita pale kila wiki na bibi wangu. Baada ya miezi mwenye nyumba akaniita, mama mtu mzima, akanipa kahawa, akaniambia wajukuu zake hawaendi tena chooni usiku bila kushikwa mkono, kwa sababu watoto wa mtaani wamewaambia kuna bibi nje. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Huyo bibi umemtoa wapi, mwanangu? Maana mimi nakaa hapa tangu niolewe." Kahawa ile sikuimaliza.

Popobawa mwache kabisa. Wewe hukuwa umezaliwa, mimi nilikuwepo mwaka 1995 alipoanzia Pemba akaja Unguja. Watu wazima walitoa mikeka wakalala nje makundi makundi, taa zinawaka, kwa hofu ya anavyosemekana kuwafanyia watu vitandani. Mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa hapa mjini kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Wapo walio hai ambao aibu ya mwaka ule bado wameibeba. Mgeni akikuuliza, mjibu kwa ufupi kwamba ilikuwa hofu ya kweli na ilimaliza uhai wa mtu, kisha endelea na njia. Na huyo rafiki yako anayetaka kutokeza gizani na shuka, mkumbushe kwamba Kiponda kuna vijana wanaokaa barazani hadi usiku wa manane. Atakuwa amekwishapigwa kabla hajafungua mdomo kutisha mtu.

Kuna mtego mwingine, nao ni mbaya zaidi kwa sababu umevaa nguo za historia. Utawasikia viongozi wenzako wakisema Mambo Msiige, ile nyumba ya Shangani ambayo sasa ni sehemu ya hoteli kubwa, ilijengwa kwa chokaa iliyochanganywa na mayai, na kwamba watumwa walizikwa hai ndani ya kuta zake. Utasikia pia kwamba nguzo za Beit al-Ajaib, lile jumba la maajabu la Sultani, zimesimama juu ya maiti za watumwa. Haya yanasemwa, lakini kusemwa si kuthibitishwa. Simulia kama masimulizi, useme "watu husema", na uwaeleze kwa nini mji uliokuwa na soko la watumwa unaona maiti ndani ya kila ukuta mzuri. Hiyo peke yake inatosha. Jina lenyewe, Mambo Msiige, litafsiri polepole ukiwa umesimama Kelele, mahali ambapo inasimuliwa watu waliuzwa kabla soko halijahamia Mkunazini, kisha nyamaza kidogo.

Mkunazini ndiko kwenye jambo zito. Wageni wengi wanashushwa katika vile vyumba vya chini kwenye jengo la St Monica's na kuambiwa watumwa walifungiwa humo wakisubiri mnada. Wapo wanahistoria wanaoonyesha kwamba jengo lile lilijengwa na wamisheni miaka mingi baada ya soko kufungwa mwaka 1873. Sikuambii ugombane na mtu. Nakuambia usiku usipeleke mizuka huko. Waliouzwa pale walikuwa wengi mno na majina yao hayajulikani. Kuwafanya wapige kelele gizani ili mgeni asisimke ni kuwauza mara ya pili. Kama unapita, simama nje, taja mkataba wa 1873, taja kanisa ambalo Askofu Edward Steere alilisimamisha juu ya uwanja wa soko, taja sanamu za watu waliosimama shimoni na mnyororo shingoni, halafu ondoka. Pale sauti ya chini ndiyo heshima.

Edinburgh wamepitia njia hii hii. Chini ya jengo la halmashauri yao kuna kichochoro kinachoitwa Mary King's Close, na kwa miaka mingi wageni waliambiwa wakazi wake walijengewa ukuta wakiwa hai wakati wa tauni ya 1645. Si kweli. Wagonjwa walitolewa nje ya mji wakatengwa, na kichochoro chenyewe kilifunikwa zaidi ya karne moja baadaye, jengo kubwa lilipoanza kujengwa juu yake mwaka 1753. Ukipelekwa leo wanakueleza hivyo wazi, na watu hawapungui. Humo kuna chumba kilichojaa madoli. Mwaka 1992 mwanamke kutoka Japani aliyesifika kwa kuona yasiyoonekana alisema amemhisi mtoto mle ndani anayelilia doli lake, akaenda kumnunulia jingine. Tangu hapo wageni wanaacha vitu vya watoto. Kwa hiyo "mzimu" ule nasi tumezaliwa zama moja, na wanaosimulia hawafichi hilo.

Sasa unaniuliza: ukinikataza majini, Popobawa, shuka na kuta zenye maiti, kimebaki nini? Kimebaki usiku wenyewe. Mji Mkongwe una matukio ya usiku ya kweli, yenye majina, na bahati yako ni kwamba karibu yote ni ya ukoo mmoja. Mimi ningemfuata Barghash, mtoto wa Sultani Seyyid Said.

Anzia kwenye makaburi ya kifalme, ubavuni mwa Beit al-Sahel, jumba la zamani la masultani. Seyyid Said alifariki Oktoba 1856 akiwa baharini, akirudi kutoka Oman. Inasimuliwa kwamba kabla ya kuanza safari aliagiza mbao zipakiwe chomboni, iwapo mtu atafariki njiani. Barghash alikuwa na baba yake chomboni. Walipofika Unguja hakutangaza msiba. Aliishusha maiti pwani usiku, kwa siri, akaizika, kisha akajaribu kuushika mji kabla kaka yake Majid hajajua kwamba wao ni mayatima. Hakufanikiwa. Simama pale saa tatu usiku, uwaulize wageni mashua ile ingekuja kutoka upande gani, waache waisikilize bahari. Sijaona mtu aliyewahi kuhitaji jini baada ya hapo.

Kisha mwaka 1859. Barghash anajaribu tena, nyumba yake imezingirwa, na dada zake wawili, Khole na Salme, wanamtoa usiku akiwa amejifunika nguo za kike. Fikiria kundi la wanawake linapita mbele ya askari, na mmoja wao ana ndevu na panga. Hadithi hii isimulie ndani ya kichochoro chembamba unachoweza kuzigusa kuta mbili kwa mikono yako, na usimulie mkitembea, usisimame. Safari hii pia alishindwa, akapelekwa Bombay.

Mwaka 1866 ni zamu ya Salme. Amepata mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, na hilo lingeweza kumgharimu uhai. Alingoja sikukuu ya mwaka, usiku ambao wanawake huteremka pwani kuoga, akapotelea ndani ya umati na kupanda meli ya Waingereza. Alirudi mwaka 1885, akaziona roshani za kwao kutoka melini. Barghash, kaka ambaye Salme alimwokoa, sasa ni Sultani tangu 1870, akakataa kuonana naye. Salme alifariki Ujerumani mwaka 1924, na inasemekana kwenye vitu vyake palikutwa kifuko cha mchanga wa Unguja, akazikwa nacho.

Malizia mbele ya Beit al-Ajaib. Barghash aliijenga mwaka 1883. Mtoto wake, Khalid, alijitangaza Sultani Agosti 1896, na asubuhi ya tarehe 27 manowari za Waingereza zikapiga ikulu kwa dakika 38 hivi. Waliokufa na kujeruhiwa upande wa Khalid walikuwa kama 500. Jumba la Beit al-Hukum lililokuwa pembeni halikusimama tena. Na siku ya Krismasi ya mwaka 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib yenyewe iliporomoka mchana kweupe, wafanyakazi wawili wakafa chini ya kifusi. Hao wawili ni watoto wa watu wa hapa, na huenda ndugu zao wanapita Forodhani usiku ule ule unaosimulia. Kumbuka hilo kabla hujapandisha sauti.

Sasa mambo ya mikono na miguu. Isha kwetu huingia kama saa moja na nusu. Ruhusu watu wasali, wale, ndipo uanze, na umalize kabla ya saa nne na nusu. Ramadhani usifanye kabisa, usiku ule ni wa tarawehe na wa watu. Chukua wageni wanane, kumi mwisho. Ukizidisha hapo, kundi linajaza kichochoro na mwenye vespa anashindwa kupita, na ugomvi wa vespa unaua hadithi yoyote. Mabega na magoti yafunikwe. Picha za baraza zenye watu hapana; baraza ni sebule, ila tu haina paa. Pita njia hiyo mchana kwanza, uwaamkie wazee wa kila baraza utakayosimama, uwaambie unachotaka kusema mbele ya nyumba zao. Wawili au watatu watakusahihisha. Andika wanachosema, na ukikisimulia taja kwamba umekipata kwao. Kwa Kamisheni ya Utalii uliza kama leseni yako inakuruhusu kufanya kazi saa hizo. Usikisie, ukaja kuulizwa njiani mbele ya wageni.

Taa. Hapa nina neno la ziada. Mwaka 2001 pale Edinburgh watafiti waliwaweka watu zaidi ya mia mbili katika vyumba vya mawe vilivyo chini ya daraja la South Bridge, bila kuwaambia vipi vina sifa ya kutisha na vipi havina. Vile vyenye sifa ndivyo vilivyoleta taarifa nyingi zaidi za baridi, kuguswa na kuangaliwa. Watafiti walilihusisha hilo na mambo kama ukubwa wa chumba na mwanga uliopo. Maana yake kwa kazi yako ni kwamba mahali na mwanga hufanya nusu ya kazi kabla hujafungua mdomo. Mimi nilijifunza hilo bila utafiti. Mwaka 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila umeme, na tangu Desemba 2009 tukakaa tena miezi mitatu gizani. Nilipitisha wageni na kandili moja. Nilisimulia yale yale niliyozoea kusimulia, nao wakawa wanatembea wameshikana mikono. Tangu hapo tochi zao nawaomba wazizime, nabaki na kandili yangu, naishika chini, usawa wa goti, ili wasijikwae na ili uso wangu usionekane vizuri. Awepo mwenzako nyuma ya kundi na tochi ya kweli mfukoni. Mitaro na vidato havijali hadithi yako. Na akitokea mtu ambaye moyo umemwenda mbio, huyo mwenzako amtoe taratibu hadi penye taa na amnunulie juisi ya miwa. Usimcheke mbele ya wenzake.

Mgeni atakuuliza mwishoni kama wewe unaamini. Mwambie kweli yako, iwe ndiyo au hapana, lakini usiifanye mchezo. Akitaka kujua habari za majini kwa moyo safi, mkalishe kwenye kahawa pale Jaws Corner mchana, umweleze wazee wanasemaje. Mchana majini ni maarifa.

Na swali lako la mwisho. Ilikuwa mwanzoni mwa 2010, katika ile miezi ya giza. Nilikuwa nimewafikisha wageni hotelini, narudi nyumbani peke yangu kwa njia ya Kajificheni, na jina la mtaa ule unalijua. Mafuta ya kandili yalikuwa yanakwisha. Kwenye baraza moja upande wa kushoto mtu akanisalimia, "Assalaam aleikum," sauti ya mtu mzima, ya karibu, bila haraka. Nikainua kandili. Baraza ilikuwa tupu na mlango umefungwa kwa nje, kufuli nimeliona. Huenda alikuwa mtu dirishani ghorofani, nyumba zetu zinavyobeba sauti unajua mwenyewe. Nikajibu, "Waaleikum salaam," nikashika njia. Wageni sijawahi kuwasimulia hiyo.